Papa Barthélemy Aliyeficha Les Radi Katikati ya Wafu

Tarehe 28 Juni 2024, siku ya Ijumaa, Papa Barthélemy, technicien wa sauti wa Radio Mulima hapa Bukavu, anaingia retraite, anapumzika kazi. Ametumika miaka makumi tatu na moja, miezi mitatu na siku makumi mbili na nane. Hizo siku amezihesabu Ariane wa archives, hapana miye. Miye ni Maman Cibalonza, mupishi na mwenye kufagia hii nyumba tangu siku ilifunguliwa. Masomo niliachia troisième primaire, darasa la tatu. Lakini Papa Barthélemy mwenyewe alisema: «Maneno ya leo aandike Cibalonza, hata atanigombeza.» Basi amechagua mwenyewe, asinililie.

Ni mutoto wa Bunyakiri. Alishuka Bukavu kujifunza kutengeneza maredio kwa fundi mumoja wa Kadutu. Siku ya kufungua Radio Mulima, tarehe 1 Machi 1993, wakubwa walikuwa wameisha kukaa kwenye viti, pasta ameisha kufunga macho, na émetteur, chombo cha kurusha sauti hewani, ikakataa. Directeur alianza kutoka jasho. Fundi wa Kadutu akasukuma mbele kijana mwembamba, suruali imefungwa na kamba, fer à souder ya kuchomelea waya mukononi. Pasta akaomba, kijana akachomelea. Ile «Amina» ya mwisho ilisikika mpaka Mudaka. Wakamuandika kazi palepale, na kamba yake kiunoni.

Tangu ile siku hakuna sauti imetoka ndani ya hii nyumba bila kupita mikononi mwake. Amefundisha technicien kumi na mumoja. Sita wako kwenye maredio makubwa na hawasalimii tena, lakini mikono yao inajua nani aliifundisha. Alichelewa kazi mara moja tu, siku bibi yake alizaa mapacha, na hata siku ile alituma mutu kuuliza kama micro ya pili iliyonyeshewa imekauka. Pasta mumoja alikuwa na tabia ya kupiga kelele ndani ya micro mpaka vitu vinapasuka. Papa Barthélemy akafungua mulango wa studio: «Pasta, hii micro haiko kiziwi. Mungu pia.» Pasta akashusha sauti, na watu waliookoka juma lile walikuwa wengi kuliko zamani.

Kama ingekuwa ile tu, ningeandika mistari mitatu na kurudia sufuria yangu. Papa Barthélemy tunamushangilia leo juu ya Les Radi.

Vijana, munyamaze kidogo mujifunze. Les Radi ni orchestre ya Kadutu, ilizaliwa mwaka 1974. Walikuwa watu wanne. Papa Mardochée aliimba, Papa Dany, Mungu amulaze pema, alipiga guitare ya mbele, na wengine wawili walishika basse na batterie, zile ngoma. Walipiga rock. Hapana rumba, hapana ile michezo yenu ya kutingisha matako. Rock ya guitare yenye kuunguruma kama camion imebeba bière inapanda mulima wa Ngomo. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Mashi. Mababa yetu walisema wale watoto wameingiwa na shetani, halafu tukawaona mababa walewale nyuma ya salle, wanachezesha kichwa.

Walifanya disque mbili Kinshasa. Ninazijua. Ni kama muchele wa hoteli: mweupe, kila punje peke yake, na umepoa. Les Radi wa kweli walikuwa wale wa mbele ya watu, na wale wa mbele ya watu ni Papa Barthélemy peke yake aliwashika. Toka 1993 mpaka 1996 aliwafuata kila mahali na enregistreur, chombo cha kushika sauti ndani ya kaseti, yenye kutumia piles, zile betri, na micro mbili amezifunga kwenye miti ya fagio zangu. Miaka mitatu nilifagia nimeinama kama kuku anatafuta mahindi. Sijuti.

Alileta kaseti tisa, na tulizipiga hewani kila Jumamosi, siku ya posho, muchana. Ile ya Bunyakiri, mvula inaanguka juu ya mabati kama mawe. Technicien mwingine angefunga vyombo na kurudi kwake. Yeye aliingiza micro moja chini ya banc ya kukalia na kuifunika na koti yake, mvula ikageuka batterie ya pili. Unasikia Mardochée anasema: «Mvula, ngojea zamu yako!» Watu wanacheka, mvula inaongeza, na Dany anapandisha guitare juu yake mpaka mvula ndiyo inashindwa. Ile ya Mumosho, kwetu, kamba ya guitare inakatika, teng! Dany anatukana kwa Mashi, na shangazi yake anamugombeza kutoka banc ya mbele, yote iko ndani ya kaseti. Anamaliza wimbo na kamba tano, anapita njia mupya kabisa, na kutoka siku ile hakurudia tena njia ya zamani hata akiwa na kamba sita.

Lakini kaseti ya matinée ya Kadutu, muziki wa muchana, Jumapili moja, siku ya Mungu, ya mwaka 1995, hiyo sijui niiseme namna gani. Ni wimbo wa saba. Dany amepanda juu kabisa, na paf, courant ya umeme inakatika. Guitare inakufa, basse inakufa, micro ya Mardochée inakufa. Enregistreur ya mutu mwingine ingekufa pia. Ya Papa Barthélemy ilikuwa na piles. Unasikia batterie haikusimama. Unasikia Mardochée anaimba na koo tupu, mbali, kama mutu anaita mwenzake ngambo ya Ruzizi. Halafu mutu mumoja wa salle anaitika, halafu kumi, halafu salle nzima, watu mia ine wanaimba dakika sita bila courant. Wakati courant inarudi, guitare ya Dany inaingia mahali ingekuwa kama haikukatika. Hakukosa hata nusu ya hatua. Muda wote alikuwa anapiga ile guitare iliyokufa, hakuna mutu anamusikia, ili asipoteze njia. Niliisikiliza mpaka nikajua mahali mutoto analia na mahali chupa inaanguka. Disque inakupa wimbo. Papa Barthélemy alikupa na watu.

Halafu ikaja vita. Les Radi walitawanyika mwaka 1996, Dany akafia njiani kwenda Shabunda. Kaseti mupya za kununua hazikufika tena. Mwaka 1998 directeur wetu wa kwanza akatoa amri: kaseti zote za muziki zifutwe, tutie juu yake communiqué za matangazo na mahubiri, na technicien asaini karatasi kwamba amefuta. Papa Barthélemy alisaini. Nilimuona na macho yangu. Nililia jikoni na nikasema ni vitunguu.

Aina moja tu ya kaseti haikuguswa: misa za wafu. Wakati ule tulikuwa tunashika sauti za mazishi ndani ya kaseti, na familia ilikuwa na haki ya kuja hata nyuma ya miaka mingi kuomba ile sauti kwa siku ya ukumbusho. Hapa kwetu hakuna technicien anafuta mazishi ya mutu. Ni kumuzika mara ya pili, tena bila kumuambia.

Sasa nafika mahali pa kumugombeza, na sitaruka. Toka 2006, Papa Mardochée alikuja hapa mara tatu. Ameisha kuacha muziki, analima choux, ile kabichi, kule Mudaka, na wajukuu wanamucheka: «Koko, wewe muimbaji? Na ku kanisa, kwenye wimbo, unalala!» Alikuja kuomba kaseti moja tu, awasikilizishe. Mara tatu Papa Barthélemy aliangalia viatu vyake na kusema: «Hakuna kitu, muzee. Zilifutwa.» Ni miye nilimuletea Mardochée chai. Aliiacha ipoe na akaenda.

Mwaka huu, mwezi wa tano, dépôt, chumba cha kuwekea kaseti, ilianza kuvuja, na Directeur wetu wa sasa, Papa Déogratias, akasema ibomolewe, ijengwe studio. Tukatangaza hewani: familia ziko na majuma mawili kuja kuchukua wafu wao. Misa zenye kubaki zitachomwa nyuma ya jikoni, kwa heshima na maombi, kwa sababu mufu hatupwi kwenye pubelle ya takataka. Walikuja wengi. Zilibaki kaseti makumi ine na tatu. Kuwasha moto ilikuwa kazi ya Cibalonza. Ni nani mwingine?

Tarehe 11 Juni, saa ine ya asubuhi, niliweka brouette ya kusukuma, imejaa kaseti, karibu na kuni. Huwezi kuchoma kitu cha mufu bila kutaja jina lake. Kwa hiyo nilishika boîte ya kaseti moja moja, nikasoma na kidole, pole pole: marehemu huyu, pumzika, marehemu yule, pumzika. Ya sita nikasoma: MAREHEMU MAMAN CIBALONZA WA MUMOSHO, 1998. Na mwandiko ulikuwa wa Papa Barthélemy.

Niliingia ndani ya réunion bila hodi. Walikuwa wanapanga hii sherehe. Mbele ya Directeur kulikuwa brevet ya kumusifu imeisha kuandikwa: Barthélemy, mutu wa ukweli, miaka 31 bila lawama. Nikaweka boîte juu yake.

«Nani alinizika?»

Ariane alicheka. Directeur hakucheka. «Maman, ba Cibalonza ba Mumosho beko mingi. Ule ni mwingine.»

«Mwingine nani? Ni miye nilipika ku mazishi yote ya Mumosho ule mwaka. Unitajie moja nilikosa!»

«Basi mutu alikosea kuandika. Maman, twende mbele. Enda uwashe moto.»

Papa Barthélemy alikuwa amefunguliwa mulango mukubwa. Angenyamaza dakika mbili tu, angepata brevet yake na makofi yake, na Les Radi wangekuwa moshi nyuma ya jikoni yangu. Lakini akasimama, mutu wa miaka makumi sita na mbili, kama mutoto ameitwa ku tableau ya darasa.

«Directeur, huyu Cibalonza hakufa. Ndani hakuna misa. Ni Les Radi. Sikufuta hata moja. Ile karatasi nilisaini uongo.»

«Miaka makumi mbili na sita, Papa Barthélemy?»

«Makumi mbili na sita.»

«Na muzee Mardochée, wakati alikuja kuomba?»

«Nilimudanganya. Nilisema nikifungua kinywa nitafukuzwa, watoto watakula nini. Halafu watoto wakakomaa, na miye nikabaki na haya, hata wakati mulitangaza moto.»

Mutu asiniulize kama nilikasirika. Nililia kaseti miaka makumi mbili na sita, na kila Jumatatu ni miye nilikuwa ninazipanguza vumbi bila kusoma juu yake!

Directeur aligeuza brevet, uso chini. «Dépôt inabomolewa kesho. Ziko chini ya majina gani?»

«Nimesahau mengi. Mufu wa kweli niliogopa kumutumia. Niliandika majina ya watu wa hapa kazini.»

Basi, mukitaka kujua nani alikufa na nani hakufa ndani ya huu muji, muulize mupishi. Tulimwaga brouette chini ya véranda. Huyu nilikula maharagi ya mazishi yake, weka kule. Huyu nilimulilia mpaka nikakosa sauti, weka kule. Huyu ni Jean-Baptiste chauffeur, jana aliniomba chumvi, lete hapa! Directeur wetu wa kwanza naye alikuwa amezikwa, miaka saba mbele ya siku yake. Kabla ya saa sita tulikuwa na wafu wa uongo nane. Wa tisa hakuonekana, na ilikuwa ni ya matinée ya Kadutu.

«Hiyo ninakumbuka jina,» Papa Barthélemy alisema. «Ni langu. Nilijizika wa kwanza. Niliona haya kuzika wenzangu na miye nibaki.»

Ariane alifungua cahier ya wenye kuchukua. Marehemu Barthélemy, 1998: ilichukuliwa na Maman Monique wa Nguba, mujane. Bwana yake pia alikuwa Barthélemy, na alikufa mwaka uleule. Na ndani ya lundo la kuchomwa, chini kabisa, misa ya kweli ya bwana yake ilikuwa inangojea moto wangu.

Uongo wa kuokoa muziki ulikuwa karibu kuchoma mufu wa mutu.

Papa Barthélemy hakumutuma Ariane, hakunituma miye. Alienda Nguba na miguu, na misa ya kweli mukononi. Nilimufuata ili niwe na hakika anasema yote. Maman Monique hana chombo cha kusikilizia. Kaseti ameiweka chini ya photo ya bwana yake, na maua pembeni, na kila asubuhi anaisalimia. Papa Barthélemy alipiga magoti kwenye ciment na kumuambia ile anasalimia ni guitare.

Maman Monique alimuangalia sana. «Kumbe majuma mawili ninaamusha orchestre?»

«Ndiyo, maman.»

«Na walinijibu kuliko bwana yangu alipokuwa muzima.» Alicheka mpaka akafuta macho, halafu akalia kweli, halafu akatupa kaseti na avoka mbili.

Saa tisa tuliingia studio. Chombo cha mwisho cha kaseti kiko na tabia ya kutafuna, kwa hiyo Papa Barthélemy aliizungusha kwanza na crayon, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama anamuchana mutoto nywele. Alibonyeza. Kwanza shhhh, kama maji. Halafu chupa, halafu watu, halafu Les Radi. Wakati courant ilikatika mule ndani, Ariane, ambaye alizaliwa nyuma ya ile orchestre kutawanyika, alishika kinywa. Wakati guitare iliingia tena mahali pake, Directeur alisema: «Rudisha.» Akasema «Rudisha» mara ine. Zote tisa zikaingia ordinateur, ile kompyuta, ndani ya siku tatu. Kati ya tisa ni moja tu ilikuwa na ukungu, na hata ile aliisafisha na pamba mpaka ikasema.

Ilibaki Mudaka. Tulienda na pikipiki mbili. Papa Mardochée alikuwa kwenye choux. Alisikiliza maneno yote amesimama, jembe mukononi.

«Miaka kumi na munane uliniacha nichekwe na watoto wangu.»

«Ndiyo, muzee.»

Alilima mustari muzima, mpaka mwisho, akarudi. «Ya Kadutu iko?»

«Iko.»

«Na mahali courant inakatika?»

«Iko, muzee. Dakika sita zote.»

Mardochée akaangusha jembe. «Kaa basi ukule. Lakini hizi choux utazibeba wewe mpaka ku route.» Na alizibeba, magunia mawili, na sikumusaidia.

Siku ya Mungu, tarehe 23 Juni, saa nane ya muchana, Radio Mulima ilipiga matinée ya Kadutu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna communiqué, hakuna mahubiri. Papa Mardochée alikaa ndani ya studio na wajukuu watano, costume yake inanuka naphtaline ya sanduku. Wimbo wa saba ulipofika, guitare ikakufa, na ile sauti ya koo tupu ikatoka, muzee alisimama. Aliimba juu ya sauti yake mwenyewe, muzee na kijana pamoja, na Papa Barthélemy alikuwa ameisha kufungua micro bila mutu kumuambia. Aganze, mujukuu mudogo kuliko wote, aliangalia haut-parleur yenye kutoa sauti, akaangalia koko yake, akaangalia tena haut-parleur. Tangu ile siku hakuna mutu anamucheka pale nyumbani. Na kule Kadutu, watu wameniambia, wauzaji wa samaki wadogo wa sambaza waliacha mizani, mamans waliacha unga, na kila mwenye kujua maneno aliitika. Simu za redio hazikunyamaza siku mbili. Mutu mumoja alipiga kutoka Uvira kusema ule mutoto analia ndani ya kaseti ni yeye.

Sasa leo mutaona Directeur anamupatia Papa Barthélemy karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya lawama, ya kweli, na muhuri, juu ya saini ya uongo. Ni ya kwanza maishani mwake, na aliomba mwenyewe isifichwe. Ya pili ni brevet, imeandikwa upya. «Bila lawama» imetoka. Mahali pake kumeandikwa: «Aliyechunga sauti za Bukavu.» Hakuna mutu mwingine wa Radio Mulima ameenda retraite na zote mbili, na ninasema kwa kiburi kwamba hakuna mwingine angestahili.

Papa Barthélemy, aksanti. Aksanti kwa mvula ya Bunyakiri, aksanti kwa kamba ya Mumosho, aksanti kwa Dany ambaye tunamusikia tena. Na aksanti kwa kusimama siku ile, wakati kukaa ilikuwa rahisi. Enda nyumbani, ulale mpaka jua likuamushe, ukule ugali ya moto na bibi yako, magoti yako yapone na mapacha wakukumbuke. Sisi wote wa hii nyumba tunakuombea siku nyingi na nzuri.

Nimesikia Papa Mardochée amekuita Mudaka mwezi wa nane, anataka kuimba na wajukuu wake na anataka enregistreur. Enda. Fagio nimekuwekea, chagua moja. Na ukimaliza, andika juu ya boîte jina lake mwenyewe, na chini yake uandike: muzima.